Kata Iliyochovywa Dhahabu

Jumatatu, 2 Juni

Mkaguzi mpya amekuja leo. Mwanamke. Tulizoea yule mzee wa zamani, anayeingia, anakohoa, anakunywa chai ya shemeji, anaaga. Huyu chai alikataa. Akasema anataka kuona maji.

Maji ni yangu. Katika karakana hii ya bodi za saketi wapo wanaotoboa, wapo wanaozichovya madini, shemeji anapiga simu, na mimi nasafisha maji yaliyosuuzia bodi kabla hayajaenda mtaroni. Nikiifanya kazi yangu vizuri hakuna anayejua kama nipo. Shemeji ndiye mwenye karakana, kamuoa dada yangu, na wageni wakija hunionyesha kwa kidevu: yule ndugu wa mke wangu, yuko huko nyuma.

Mkaguzi alikuja huko nyuma. Akatoa kata yake ya chuma kisichoshika kutu, yenye mpini mrefu, akachota kwenye bomba la mwisho, akamimina kwenye chupa. Kisha akaniuliza kwa nini matope ya kwenye tangi langu ni ya buluu. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza kwamba ile ni shaba. Inatoka kwenye bodi, inayeyuka kwenye tindikali, inapotea machoni. Ukitia chokaa, tindikali inapoa, shaba inachoka kuogelea, inashuka chini. Alisikiliza mpaka mwisho. Simu yake ililia, hakuitazama. Ana kovu dogo kidevuni, na akisikiliza hulishika.

Getini akaniambia, "Haya kaka, nitakufuatilia."

Nitakufuatilia. Si nitawafuatilia! Tulikuwa tumesimama pale mimi, shemeji na Sindano. Angetaka kutufuatilia sote, lugha ina njia yake, hata mtoto wa chekechea anaijua. Yeye kachagua *ku*.

Nikamweleza Sindano. Ni fundi wa kutoboa bodi, kapewa jina hilo kwa sababu ya keekee zake nyembamba, na kwa sababu ya ulimi wake. Akasema yule mama alikuwa anazungumzia karakana. Nikamwambia karakana ingekuwa *nitaifuatilia*. Akarudi kutoboa.

Hilo "kaka" linanisumbua kidogo. Lakini kasema kaka, hakusema kaka yangu. Kaka yangu ndiyo mbaya.

Jumatano, 4 Juni

Majibu ya maabara yametoka. Tumefaulu. Maji yetu ni safi kuliko ya karakana zote za mtaa wa viwandani. Shemeji kanunua soda kwa watu wote, kanipiga begani, kasema leo ndiyo kaona faida ya kunilisha.

Halafu akaeleza. Kanuni ni kwamba karakana chafu inakaguliwa kila wiki. Karakana safi, mara moja kwa mwaka.

Kwa mwaka.

Nikaiweka soda chini. Nimejiponza kwa mikono yangu mwenyewe, kwa chokaa yangu mwenyewe. Wale wa kiwanda cha ngozi, wanaomwaga uvundo mpaka mbwa wanazunguka njia, wao watamuona kila wiki. Atachota maji yao. Atashika kidevu chake mbele yao.

Nina mpango. Kesho natia chokaa nusu. Si uchafu wa kumdhuru mtu, ni uchafu wa kumfanya mtu arudi. Sindano kaniona natabasamu, kauliza kuna nini. Nikasema jino.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango umekufa asubuhi.

Nilitia nusu kama nilivyopanga. Kisha nikakaa juu ya ndoo nikitazama maji yanabaki na rangi ya anga, na roho ikaanza kunisuta. Mtaro wetu unapita nyuma ya nyumba za watu. Pia nikamfikiria akiyachota maji yale, akiyanyanyua kwenye mwanga, akinitazama. Nikanyanyuka kwenda kuongeza nusu iliyobaki. Nimechelewa. Shemeji, ambaye tangu afungue karakana hajawahi kugusa chokaa, kavimba kichwa kwa sifa za jana, kaja na mfuko mzima, kaumwaga wote kwa mikono yake, koti likawa jeupe. Kasema lazima tulinde jina. Maji yametoka safi mpaka dada, aliyeleta chakula cha mchana, kasema angeyapata nyumbani angefulia mashuka.

Nikaachiwa kufagia. Na nilipokuwa nafagia chokaa nyuma ya tangi, nikauona mpini.

Kata yake. Kaisahau siku ile. Mtu makini vile, anayeandika saa na dakika kwenye kila chupa, anasahau kata? Mtu husahau kitu pale anapotaka kurudi. Nimeifunga kwenye kitambaa, nimeiweka chini ya mto wangu. Mpini unaumiza shingo lakini si sana.

Ijumaa, 6 Juni

Nitamrudishia. Lakini si hivi ilivyo, kavu kavu, kama mtu anayerudisha sufuria kwa jirani. Nitaichovya dhahabu.

Niandike jinsi inavyofanyika, maana ni jambo linalonigusa. Bodi zetu hupata shaba kwanza, halafu nikeli juu ya shaba, halafu dhahabu juu ya nikeli. Kwenye tangi la dhahabu hakuna umeme. Unatumbukiza tu, unasubiri. Nikeli kidogo inatoka pale ilipokaa, inaingia majini, na dhahabu inakuja kukaa mahali palepale. Kila punje ya dhahabu imeachiwa nafasi na mwenzake. Nimefanya kazi hapa muda mrefu na leo ndiyo machozi yamenilengalenga mbele ya tangi. Sindano akauliza. Nikasema mvuke.

Tangi la dhahabu lina kufuli tangu Sindano alipochovya bangili ya mchumba wake, mchumba akaondoka nayo. Nilingoja shemeji aende benki. Ufunguo huuacha kwenye kikombe cha kalamu, anadhani hatujui.

Kata ilikuwa mbishi. Chuma kisichoshika kutu kina ngozi yake, hakipokei kitu. Mara ya kwanza nikeli ilibanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Nikaisugua kwa tindikali kali, nikarudia, ikashika. Nikaitia kwenye dhahabu. Ingetakiwa kukaa zaidi, na hata ikikaa, dhahabu ya namna hii huwa nyembamba, ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Najua. Ndiyo kazi yangu kujua. Lakini nikasikia gari la shemeji, nikaitoa. Inametameta. Nimeipangusa kwa shati langu la Jumapili.

Jumapili, 8 Juni

Jumapili ni ndefu kwa mtu mwenye kikombe kimoja.

Chumba changu kiko nyuma ya nyumba ya dada. Kitanda, meza, kiti, kikombe. Nimeoga mapema bila sababu. Nimekaa mlangoni nikaisikiliza nyumba kubwa: shemeji anabishana na redio, watoto wanagombana, dada anawatuliza. Nimemtamani mtu wa kumtuliza, au wa kunituliza. Nasema ukweli hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Nimemkumbuka mtu niliyemuona mara moja. Nimekumbuka jinsi alivyonyamaza wakati nasema. Nilitaka kumweleza mengine, kwamba nikeli ikiyeyuka inakuwa kijani, kwamba bati lina harufu ukilishika na mkono wenye jasho. Nina mengi. Nimeyakusanya tu, sikujua ni ya nani.

Dada alikuja kunipigia pasi shati. Akaona alama ya dhahabu kwenye mkono wa shati. Akaguna. Akasema wewe mtoto, kama kuna mtu, kamwambie. Nikasema hakuna mtu. Akasema haya, na huyo asiye mtu kamwambie.

Jumatatu, 9 Juni

Nimempa!

Ofisi yao iko nyuma ya soko, ghorofa ya pili, benchi gumu la kungojea. Nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya jino. Nilipomkabidhi kitambaa, alikifungua taratibu, akaitazama kata, akanitazama mimi, akauliza kama ni yake kweli. Nikasema nimeisafisha kidogo. Akacheka. Si kicheko cha dharau, nakijua cha dharau, naishi na shemeji. Alicheka mpaka mwenzake wa meza ya pili akageuka. Akasema asante kaka, ataitumia leo leo, kwani ile ya kuazima ni ya plastiki na imepasuka.

Ataitumia! Itaingia naye kila kiwanda mjini. Nitakuwa mkononi mwake kutwa.

Wakati wa kurudi nimenunua kikombe cha pili. Sindano, aliyenifuata mpaka dukani kwa umbea wake, kauliza cha nani. Nikasema cha akiba.

Alhamisi, 12 Juni

Mji umevurugika. Dobi mkubwa wa barabara ya juu kaanguka ukaguzi: nikeli kwenye maji. Kiwanda cha mikate kimeanguka: nikeli. Watengeneza siki wameanguka vibaya kuliko wote, nikeli nyingi mpaka maabara walipima mara mbili. Shemeji anacheka mpaka anafuta macho. Anasema nani angejua kwamba waoka mikate wanachovya bodi kwa siri.

Mimi nina wivu. Kote huko kapita yeye. Na kote huko sasa atarudi kila wiki. Muoka mikate amefiwa na mke, nimeuliza. Ana mikono mikubwa na duka linalonukia.

Nikamweleza Sindano nadharia yangu, kwamba huenda nikeli inatoka kwenye mabomba ya mji. Sindano akaacha keekee ikizunguka peke yake. Akaniuliza, chini ya ile dhahabu uliweka nini?

Nilikwenda huko nyuma nikakaa juu ya ndoo.

Ijumaa, 13 Juni

Nikeli. Niliweka nikeli. Dhahabu ina vitundu, siki ni tindikali, nikeli inatoka polepole kupitia vitundu inaingia kwenye chupa. Kata yangu imechafua kila sampuli iliyoigusa. Maji ya mikate hayana kosa. Maji ya dobi hayana kosa.

Na kuna baya zaidi. Dobi alikuja kulalamika kwa shemeji, akasema wenye viwanda wameungana, wamekwenda kwa mkuu wa ofisi. Wanasema mkaguzi mpya hajui kuchota maji. Mkuu amesema wiki ijayo ataamua. Ikibidi atamhamishia kituo cha mbali, huko mwisho wa barabara, ambako hakuna kiwanda hata kimoja na mkaguzi anahesabu mbuzi.

Nikisema, atajua mimi ni mpumbavu, na shemeji atajua nilifungua kufuli lake. Nisiposema, anaondoka. Sijala.

Nina mpango.

Jumatatu, 16 Juni

Mpango ulikuwa hivi. Ninunue kata nyingine kama ile, bila dhahabu. Niende ofisini. Nizibadilishe akiwa hayupo. Sampuli zitakuwa safi, kila mtu atashangaa, atabaki. Hakuna atakayejua.

Kata niliipata kwa wauza vyombo. Ofisini nikafika, meza yake tupu, kata ya dhahabu imelala juu ya faili. Nilikuwa na kata moja kila mkono mlinzi alipoingia. Akauliza nafanya nini. Nikasema nalinganisha. Akanikalisha kwenye lile benchi, akasimama mbele yangu na kata zote mbili kama ushahidi wa mauaji.

Mkaguzi akaja. Kachoka, macho mekundu. Mlinzi akaanza kueleza, yeye akamwambia atuache.

Nikamwambia yote. Tindikali, nikeli, vitundu, benki, kufuli. Nilianza na kemia kwa sababu ndiyo ninayoiweza. Akashika kidevu. Akauliza kwa nini siki ilitoa nyingi zaidi kuliko mikate, nikamweleza, akaandika. Kwa muda ilikuwa kama siku ya kwanza, na nikasahau kwamba nilikuwa najishtaki.

Kisha akauliza sasa kwa nini niliichovya. Nikasema ili urudi.

Nje kulikuwa na mtu anapiga nyundo. Akasema alikuwa ameshafunga vitabu vyake kwenye maboksi, alijua anahamishwa. Kisha akasema, polepole, "Kaka, si ungesema tu."

Akanipeleka kwa mkuu, nikarudia yote. Mkuu akaomba kushika kata. Aliigeuzageuza, akauliza kama tunaweza kuchovya saa.

Jumatano, 18 Juni

Uamuzi umesomwa mbele ya shemeji, aliyeitwa na kuja na koti lile la chokaa. Sampuli zote zirudiwe. Mikate, dobi na siki waombwe radhi. Mkaguzi abaki kituoni kwake. Hapo nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta Ijumaa.

Karakana yetu imepewa onyo kwa kuchovya kifaa kisichoruhusiwa. Tutakaguliwa kila wiki. Kila wiki! Nilitaka kusimama kupiga makofi, ila shemeji alikuwa ananitazama kwa jicho la kukata mkate.

Kisha mkuu akaendelea. Ukaguzi huo utafanywa na yule mzee wa kikohozi, kwa kuwa mkaguzi wa sasa hawezi kukagua karakana yetu tena, kutokana na, nanukuu alivyosema, *uhusiano* uliopo kati yake na mtumishi wa karakana.

Uhusiano. Kasema mkuu wa ofisi, mbele ya mashahidi. Upo. Hata serikali inaujua.

Nilipokuwa natoka mkaguzi alinifuata kwenye ngazi. Akaniambia siku ile alikataa chai ya shemeji kwa sababu kanuni inakataza mkaguzi kunywa chai na anayemkagua. Ila sasa mimi simo tena kwenye orodha yake. Akasema yeye baada ya kazi hukaa kwenye kile kibanda cha chai mbele ya soko, meza ya pembeni. Karibu kila siku. Akasimama kidogo kama anayengoja basi. Kisha akapanda.

Nimelitafakari hili njia nzima. Kwa nini aniambie habari za kanuni?

Jumapili, 22 Juni

Shemeji haongei nami. Tangi la dhahabu limeharibika, chuma cha kata kililitia uchafu, limemwagwa, jipya limewekwa na kufuli mbili. Sindano anaongea nami kupita kiasi. Anasema kama yeye angeambiwa meza ya pembeni, angekuwa ameshahamia pale na godoro. Nikamwambia yeye ndiye aliyepoteza bangili.

Dada alikuja. Akaona vikombe viwili mezani, akauliza nani anakuja. Nikasema hakuna. Akakaa, akanywea kile kipya. Nikamweleza mambo ya ngazini, neno kwa neno. Aliweka kikombe chini, akasema mama angekuwa hai angenipiga kofi.

Usiku huu sijui kwa nini nimekiosha kwa maji ya moto kile kikombe na kukirudisha mahali pake. Namkumbuka. Nina hamu naye mpaka nasikia kwenye mikono.

Jumatano, 25 Juni

Mzee wa kikohozi kaja. Kanywa chai, kakohoa, kaondoka. Hakuuliza kitu kuhusu buluu.

Lakini nimeelewa. Nimeelewa leo, nikichanganya chokaa. Chai! Alikuwa ananiambia anapenda chai. Kila siku, baada ya kazi, anakoroga chai kwa vile vijiko vyao vya kibandani, vyeusi, vilivyopinda, vinavyopita midomoni mwa mji mzima. Mtu kama yule. Na mimi nilimrudishia kata ya dhahabu nikamwacha anakoroga na takataka.

Nimenunua kijiko. Kidogo, kizuri, mpini una ua. Safari hii sitafanya haraka. Nikeli nene, dhahabu nitaiacha ikae mchana kutwa, vitundu vyote vizibe. Shemeji anaenda benki kesho, na funguo mbili zinakaa kwenye kikombe kilekile cha kalamu.

Jioni nilipita sokoni nikipima ukubwa wa vikombe vyao. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya muuza ndoo. Alikuwepo, meza ya pembeni, na kiti cha pili kilikuwa kitupu. Mtu alikuja kukiomba, akamkatalia. Alitazama barabarani, akatazama saa, akashika kidevu. Nilitamani kuvuka.

Sikutaka kumsumbua nikiwa mikono mitupu. Kijiko kimo kwenye tindikali tangu niliporudi, kinavuliwa ngozi. Keshokutwa kitakuwa tayari.